Franz Boas: Muzungu aliyekataa kupanga makabila kama ngazi

Kama umesoma antropolojia kwenye universite, jina la Franz Boas unalijua. Wengine wengi hawajalisikia, na ndiyo sababu leo tunamuzungumuzia.

Boas alizaliwa tarehe 9 Julai 1858 katika muji wa Minden, Ujerumani, kwa familia ya Wayahudi. Alisomea fizikia, na mwaka 1881 akapata udaktari wake juu ya rangi ya maji ya bahari. Mambo ya makabila yalikuja nyuma. Mwaka 1883 alienda kuchora ramani kwenye kisiwa cha Baffin, kaskazini kabisa mwa Kanada, fasi ya barafu tupu. Kule aliishi na Wainuit, watu ambao Ulaya iliwaita washenzi. Kumbe ndio walimulisha, wakamuvalisha na kumuonyesha njia. Diplome yake haikumusaidia kitu bila wao.

Wakati ule wanasayansi wengi walifundisha kama mataifa yote yanapanda ngazi moja, na Muzungu amekaa juu. Hata kwenye makumbusho ya Washington, vitu vya makabila mbalimbali vilichanganywa na kupangwa kwa aina yake, kuanzia kile walichoita duni. Mwaka 1887 Boas, bado mugeni Marekani, alipinga mupango ule kwa maandishi. Kwake, kitu sherti kionyeshwe pamoja na watu waliokitengeneza.

Mwaka 1896 akaeleza zaidi, akatoa mufano wa kinyago. Kuna watu wanaokivaa ili pepo asiwatambue. Wengine wanakivaa ili wawe pepo mwenyewe na kutisha pepo wengine wabaya. Wengine tena wanakumbuka nacho marehemu. Kwa macho ni kitu kimoja, lakini kila kimoja kimepita njia yake. Basi usilinganishe makabila mbele ya kuchungula historia ya kila moja: walitoka wapi, walikutana na nani, waliiga nini kwa jirani. Mawazo hayo alifundisha New York, kwenye universite ya Columbia, ambako alikuwa profesa tangu 1899.

Mwezi wa Mei 1906, W.E.B. Du Bois alimualika Atlanta kuzungumuza na wanafunzi Weusi. Boas aliwaambia juu ya wafua chuma wa Afrika, masoko yao na falme zao, ili wasiamini kama wametoka kwa watu wasio na kitu. Mwezi wa Septemba mwaka uleule, Mukongomani Ota Benga aliwekwa kwenye nyumba ya nyani katika zoo ya New York. Muji ni uleule Boas alimofundisha.

Halafu alipima karibu watu 18.000, wahamiaji na watoto wao. Akakuta umbo la kichwa linabadilika kati ya muzazi aliyezaliwa Ulaya na mutoto aliyezaliwa Marekani. Ilikuwa pigo kwa wale waliopanga watu kwa vichwa. Lakini kazi ile ya kupima vichwa na pua haikukoma. Wabeleji waliifanya mpaka Rwanda, jirani yetu.

Boas alikufa ghafula tarehe 21 Desemba 1942, kwenye meza ya chakula, pale Columbia. Wanazi walikuwa wamekwisha kuchoma vitabu vyake.

Lakini kuna jambo moja ambalo mimi siwezi kuliruka. Mwaka 1897, wakati alitumika pia kwenye makumbusho ya New York, Boas aliomba mupelelezi Robert Peary amuletee Muinuit mumoja. Peary akaleta sita kutoka Greenland. Ndani ya miezi michache wanne walikufa kwa magonjwa. Mumoja wao, Qisuk, aliacha mutoto anayeitwa Minik. Ili kumutuliza, watu wa makumbusho walifanya maziko ya uongo: walifunika gogo, wakalizika kama maiti. Mifupa ya baba ilibaki makumbusho. Boas alijua, na hakuona ubaya.

Minik alipopata ukweli, aliomba baba yake. Hakupewa. Alikufa 1918. Mifupa ya wale wanne ilirudishwa Greenland mwaka 1993 na kuzikwa kwao.