Luigi Broglio na neno letu angani

Waitaliano wanalijua jina la mji wetu, lakini wanalijua kwa huzuni. Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za Jeshi la Anga la Italia, zilizokuwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa, zilitua Kindu zikiwaletea askari wa Malaya mahitaji yao. Wanajeshi 13 waliokuja nazo walikamatwa na kuuawa na askari wa Kongo waliowadhania kuwa Wabelgiji. Huko Pisa walikotoka pamejengwa mahali pa kumbukumbu penye jina la Kindu, na mpaka leo Mtaliano mwenye umri mkubwa akilisikia jina hilo hakumbuki mto wala reli, anakumbuka vifo.

Siku hiyohiyo afisa mwingine wa jeshi lilelile alitimiza miaka 50. Huyo ni Luigi Broglio, aliyezaliwa Mestre, karibu na Venice, tarehe 11 Novemba 1911. Miaka tisa baadaye, kutoka jukwaa alilolijenga baharini, kilirushwa chombo cha kwanza cha anga kuitwa kwa neno la Kiswahili. Wengi wetu katika kitivo hiki tunalichambua neno hilo bila kujua kwamba liliwahi kuzunguka dunia.

Broglio alikuwa mhandisi. Aliingia Jeshi la Anga, akapanda hadi cheo cha jenerali, na wakati huohuo akafundisha Chuo Kikuu cha Roma, ambako aliongoza shule ya uhandisi wa anga. Mwaka 1961 alikuwa na mpango ambao wengi waliuona mkubwa kuliko mfuko wa nchi yake: Italia iunde setilaiti, na Waitaliano wenyewe wairushe. Roketi hawakuwa nayo. Basi mwaka 1962 walipatana na Wamarekani: Marekani itoe roketi aina ya Scout na mafunzo, Italia itoe setilaiti, mafundi na mahali pa kurushia. Mradi ukaitwa San Marco, yaani Marko Mtakatifu, msimamizi wa Venice.

Mahali alipopachagua Broglio ni bahari ya Kenya, katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi. Sababu ni ya hesabu. Dunia inapojizungusha, mtu aliye kwenye ikweta husukumwa kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki huipata kasi hiyo bure, na roketi ndogo huweza kubeba mzigo mkubwa zaidi. Mbele yake kuna bahari tupu, kwa hiyo vipande vinavyodondoka havimdhuru mtu. Jukwaa la kwanza lililovutwa mpaka huko, Santa Rita, lilikuwa la kuchimbia mafuta. Baadaye likaongezwa la pili, la kurushia, lenye jina la mradi wenyewe.

Msomaji wa Kindu afungue ramani. Jukwaa hilo liko karibu digrii 3 kusini ya ikweta. Kindu pia iko karibu digrii 3 kusini. Ukichora mstari kutoka hapa kwenda mashariki bila kupinda, unafika kwa Broglio.

Chombo alichokibuni mwenyewe kilikuwa mizani ya kupima hewa. Setilaiti yake ilikuwa tufe lenye ganda jepesi nje na mwili mzito ndani, vikiunganishwa kwa mikono inayonyumbuka. Kule juu hewa ni chache mno, lakini ipo. Inapolikwaza ganda, ganda husogea kidogo kuelekea mwili wa ndani, na kusogea huko ndiko kunakoonyesha uzito wa hewa. San Marco 1 ilirushwa kutoka Marekani na kikosi cha Waitaliano tarehe 15 Desemba 1964. San Marco 2 ilirushwa kutoka Kenya tarehe 26 Aprili 1967.

Hewa hiyohiyo ni pazia kwa wanaotazama nyota. Inatuhifadhi na mionzi ya eksirei, lakini pia inatuficha nyota zinazotoa mionzi hiyo. Ndiyo maana wataalamu hupandisha vyombo vyao. Kwa mionzi ya joto, ndege yatosha: ile ya Marekani iliyopewa jina la Gerard Kuiper ilibeba darubini yenye kioo cha sentimita 91, na mwaka 1977, juu ya Bahari ya Hindi, iligundua pete za sayari Uranus. Kwa eksirei ndege haifiki. Kabla ya 1970 walitumia maputo na roketi zilizopanda na kushuka, ambazo ziliwapa dakika chache tu za kutazama.

Tarehe 12 Desemba 1970 kikosi cha Broglio kilirusha setilaiti ya Wamarekani ya kutazama eksirei muda wote. Ilikuwa siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, na Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo upande wa Marekani, akaipa jina Uhuru. Ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Ilisaidia kumtambua Cygnus X-1, ambaye leo anahesabiwa kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Broglio hakuiona siku hiyo ya tuzo. Roketi ya mwisho ya Scout iliondoka jukwaani mwaka 1988. Alitaka roketi kubwa zaidi, fedha hazikutolewa, na majukwaa yakabaki kimya. Alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001. Kituo cha Malindi sasa kina jina lake.

Kwetu linabaki neno. Kiswahili kilifika Maniema pamoja na misafara ya karne ya 19, kupitia Nyangwe na Kasongo, na misafara hiyo ilibeba pembe na watumwa. Lugha iliyotuletea utumwa ndiyo iliyotuletea uhuru: mashina mawili, kiambishi kimoja, ngeli moja. Tangu 1970 hadi ilipoanguka mwaka 1979, setilaiti ile ilipita karibu na utosi wa Kindu kila baada ya saa moja na dakika arobaini hivi, ikiwa na jina ambalo muuza samaki wa ukingo wa Lualaba angelielewa bila mkalimani. Jina lilichaguliwa na wageni, na matokeo yalisomwa ugenini. Hayo tuyaseme wazi. Lakini Waitaliano wanapoikumbuka Kindu kwa wale 13, na ni haki yao, sisi tunaweza kuwakumbusha, bila kufuta la kwanza, kwamba jeshi lao pia lilipandisha neno letu juu ya vichwa vyetu sote.