Kasisi Aliyefuma Soksi kwa Mashine

Kama hujawahi kuamka saa kumi na moja alfajiri ya mwezi wa saba kule Mbulu, baridi unaisikia tu redioni. Wenzangu wa Dar mnavaa sweta chuoni kwa ajili ya kupendeza. Kwetu mtoto akienda shule bila sweta, mpaka kipindi cha pili vidole havijashika kalamu sawasawa. Mimi nimelelewa Dongobesh na mama mkubwa, na mama mkubwa ni mfumaji. Madaftari yangu, nauli zangu na godoro nililokwenda nalo bwenini vyote vilitoka kwenye sindano zake mbili.

Mwaka jana nilipangiwa mazoezi ya kufundisha wilaya ya Hanang. Kabla ya kuripoti nikapitia nyumbani, nikamkuta amekaa mlangoni mikono mitupu. Sijawahi kumwona hivyo. Shule moja iliyokuwa ikimpa oda ya sweta kila mwaka ilikuwa imempa mtu mwingine, fundi mwenye mashine ya kufumia. Fundi yule anatoa sweta tatu kwa siku na kuuza moja shilingi 14,000. Mama mkubwa anamaliza moja kwa siku nne na kuuza 20,000. Sweta 35 alizokwisha kuzifuma, kwa rangi ya shule ile, zilikuwa kwenye gunia chini ya kitanda.

Hakulalamika sana. Aliniuliza kitu kimoja tu: mtu aliyebuni mashine ile, yeye hakuwa na mama anayefuma? Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Mazoezi yalipokwisha nikarudi chuo, nikaingia maktaba kumtafuta mtu huyo. Anaitwa William Lee.

Lee alikuwa Mwingereza wa Calverton, kijiji cha Nottinghamshire, na aliishi zaidi ya miaka 400 iliyopita. Hakuwa fundi wala tajiri. Simulizi zinamtaja kama kasisi wa kijijini. Enzi hizo wanawake wengi wa Uingereza walifuma soksi nyumbani ili kuongeza kipato, kama akina mama wa kwetu. Soksi zenyewe zilikuwa ndefu, za kupanda hadi juu ya magoti, kwa sababu wanaume walivaa suruali fupi.

Kuna hadithi mbili kuhusu kilichomsukuma. Moja inasema alimpenda binti mfumaji ambaye, kila kasisi akienda kumtembelea, aliendelea kufuma bila kuinua macho. Lee akaapa kuifanya kazi ile isiwe na maana tena. Nyingine inasema alikuwa na mke, maisha yalikuwa magumu, na mke alifuma usiku na mchana ili wapate kula. Lee akawa anakaa anatazama vidole vyake mpaka akaelewa vinafanya nini. Hakuna anayeweza kuthibitisha hata moja. Mimi naipenda ya pili, na mnajua kwa nini.

Alichokiona ni hiki. Anayefuma kwa mkono anatengeneza kitanzi kimoja, halafu kingine, halafu kingine. Vitanzi vyote vinangoja zamu kwenye sindano moja. Sisi wa ualimu tunaijua hali hiyo. Una darasa la wanafunzi 80 na unamwita kila mmoja ubaoni peke yake. Kengele italia hujafika nusu. Lee aliamua kila kitanzi kiwe na sindano yake, yenye ncha iliyopinda kama ndoana. Uzi unalazwa juu ya sindano zote, ndoana zinafungwa kwa pamoja, vitanzi vya zamani vinaruka juu ya vipya, na mstari mzima umekamilika kwa mara moja. Yaani darasa zima limejibu kwa pamoja.

Mashine hiyo ya mbao na chuma ilikamilika mwaka 1589. Wakati huo injini ya mvuke haijafikiriwa. Nguvu yote ilitoka kwenye mikono na miguu ya mtu aliyekaa mbele yake.

Lee alitaka hati ya malkia, ili mwingine asiige kazi yake. Malkia alikuwa Elizabeth wa Kwanza, na bwana mkubwa mmoja wa jumba la kifalme, Lord Hunsdon, anatajwa kuwa ndiye aliyemfungulia mlango. Inasimuliwa kwamba malkia aliitazama mashine ikifanya kazi, akakataa. Sababu inayotajwa zaidi ni kwamba aliwahurumia raia wake maskini walioishi kwa kufuma. Akaona mashine ile itawafanya ombaomba. Niliposoma hapo nilisimama, nikafunga kitabu. Swali la mama mkubwa liliwahi kuulizwa na malkia!

Lakini wapo wanaoona kulikuwa na jingine. Mashine ya kwanza ilikuwa na sindano 8 tu kwa kila inchi, ikatoa soksi nene za sufu. Malkia alipenda soksi laini za hariri. Basi Lee hakukata tamaa. Alirudi kazini, akachonga sindano nyembamba zaidi, akazibana zaidi, mpaka kufikia 1598 alikuwa na mashine yenye sindano 20 kwa inchi, inayofuma hariri. Hebu fikiria kutengeneza sindano kama hizo kwa mkono, moja moja, zote zilingane. Moja ikipinda, kitanzi kinaanguka na soksi yote inafumuka. Miaka tisa ilikwenda hapo. Hati hakupata.

Mwaka 1600 akaingia ubia na mwenye fedha aitwaye George Brooke. Angalau mtaji ungepatikana. Miaka mitatu baadaye Brooke akakamatwa kwa uhaini dhidi ya mfalme mpya, James wa Kwanza, na kukatwa kichwa. Mtaji ukazikwa naye. Mfalme James naye hakumpa Lee hati.

Ndipo akavuka bahari. Mfalme Henri wa Nne wa Ufaransa alikuwa akitafuta watu wenye ufundi, na Lee akahamia mji wa Rouen pamoja na mdogo wake, James, wafanyakazi kadhaa na mashine zao. Kwa mara ya kwanza mambo yakaanza kunyooka. Mwezi Mei 1610 Henri akachomwa kisu barabarani Paris, akafa. Waliobaki madarakani hawakuwa na habari na mfumaji wa Kiingereza. Lee alihangaika miaka michache, na inaaminika alifia Paris yapata mwaka 1614, mbali na kwao, bila utajiri wowote kutokana na mashine yake.

Ingekuwa filamu, ingeishia hapo. Lakini maisha ya mtu kama Lee yanaendelea baada ya yeye kuzikwa. Mdogo wake alirudi Uingereza na sehemu kubwa ya wafanyakazi na mashine. Mtu aliyewahi kujifunza kwa Lee, jina lake Aston, akairekebisha iwe rahisi kuendesha. Kufikia mwaka 1657 wafumaji wa mashine wa London walikuwa na chama chao chenye hati ya serikali. Hati aliyoililia Lee maisha yake yote waliipata wajukuu wa ufundi wake. Na wilaya ileile ya Nottinghamshire ikajaa wafumaji wa mashine, waume kwa wake, majumbani mwao.

Kwa hiyo malkia alikosea? Nilidhani hivyo, hadi nilipofika mwaka 1811. Mwaka huo, katika kijiji cha Arnold, jirani kabisa na Calverton, wafumaji walianza kuvunja mashine kwa nyundo usiku. Hao ndio walioitwa Waludi. Wengi tunafundishwa kwamba walikuwa washamba walioogopa maendeleo. Si kweli, jamani. Walikuwa wameishi na mashine ya Lee kwa vizazi, ndiyo iliyowalisha. Walichokichukia ni malipo kushuka, na matajiri kuagiza soksi za ovyo, zilizokatwa kutoka kitambaa kipana na kushonwa haraka, zikaharibu soko la kazi nzuri. Wengi wao wala hawakumiliki mashine wanazofanyia kazi. Walizikodi, na kodi ilikatwa kwenye ujira kabla hawajashika senti. Mwaka 1812 Bunge likapitisha sheria ya kumnyonga anayevunja mashine ya kufumia. Mshairi Byron alisimama katika Baraza la Malodi kuwatetea wafumaji. Sheria ikapita hata hivyo.

Hapo ndipo nilipopata jibu la kumpelekea mama mkubwa. Malkia aliuliza kama mashine itawanyima watu kazi. Wafumaji wa Arnold waliishi na swali jingine: mashine ni ya nani, na bei ya kazi anapanga nani? Lee mwenyewe, kasisi wa watu, sidhani kama alikaa akajiuliza hilo. Alihangaika na sindano, si na mkataba. Simlaumu, lakini mtu akibuni kitu kikubwa, wengine watakaa mezani kuamua kitamnufaisha nani, awepo asiwepo.

Likizo nilikwenda nyumbani, nikamsimulia yote jioni tukiwa jikoni. Alisikiliza kimya mpaka mwisho, kisha akasema yule mke wa kasisi alistahili kuulizwa kwanza. Kesho yake tukapanda basi hadi Katesh kumwona fundi mwenye mashine. Mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu, baridi ileile.

Fundi alitupokea vizuri, hakuwa adui. Mama mkubwa aligeuza sweta ndani nje, akavuta mishono, akakubali kwamba kifua na mgongo vimefumwa vizuri kuliko alivyotarajia. Lakini akagusa shingo na mikono, akatikisa kichwa. Vimelegea. Fundi akakiri kwamba mashine yake, yenye safu moja ya sindano, haifumi vizuri ile sehemu ya kuvutika. Wateja wameanza kurudisha. Mama mkubwa akatoa sindano zake kwenye mkoba, akafuma pindo la mkono mmoja palepale, fundi akitazama.

Tangu siku hiyo anamfumia shingo na mikono kwa malipo ya kila sweta. Ni pesa ndogo kuliko zamani, tusidanganyane. Bei anapanga fundi, maana mashine ni yake. Ndiyo maana yeye na wenzake wanne wa kikoba wameandika barua kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ili wanunue mashine yao iliyotumika. Barua niliiandika mimi, na sehemu ya bumu la muhula huu imeingia kwenye akiba yao. Bado hawajajibiwa.

Sweta 35 bado ziko kwenye gunia. Ameanza kuzifumua moja moja, anakunja uzi upya, kwa sababu uzi ni uzi tu, na rangi ile kuna shule nyingine inaitumia. Mimi mwakani namaliza, nitasimama mbele ya darasa. Nikifika kwenye mada ya mapinduzi ya viwanda, sitaanzia kwenye injini ya mvuke. Nitaanza na kasisi aliyekaa akimtazama mwanamke anafuma, halafu nitawauliza wanafunzi wangu ile mashine ilikuwa ya nani.