William Mayo: Bingwa wa tumbo aliyeangushwa na saratani ya tumbo

Barabara kuu nambari 52, inayopita Inver Grove Heights, pembezoni mwa Saint Paul katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, huelekea kusini hadi Rochester, mji uliopata sifa duniani kwa kazi ya madaktari wawili ndugu.

Mkubwa wao, Dakta William James Mayo, alizaliwa tarehe 29 Juni 1861 mjini Le Sueur, Minnesota. Baba yao, tabibu mhamiaji kutoka Uingereza, aliwarithisha wanawe kazi yake.

William alihitimu Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1883. Mwaka 1889 watawa wa Mtakatifu Fransisko walifungua hospitali ya Saint Marys mjini Rochester, na akina Mayo wakawa madaktari wake. Mdogo wake, Charles, alisifika kwa upasuaji wa tezi ya shingo. William alibobea katika tumbo. Madaktari walitoka nchi mbalimbali kumtazama akifanya kazi.

Mwaka 1939 maradhi aliyoyapiga vita yalimgeukia. Aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, akafanyiwa upasuaji. Mwezi Mei Charles alifariki kwa homa ya mapafu. Tarehe 28 Julai William naye akafariki, akiwa na umri wa miaka 78.

Zama zake, hakuna aliyeweza kupima urithi wa maradhi hayo. Mwaka 1998 watafiti wa New Zealand, wakichunguza ukoo wa Kimaori uliopoteza watu wengi, walibaini hitilafu katika jeni iitwayo CDH1. Mzazi mwenye hitilafu hiyo aweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Kipimo cha damu huionyesha, na baadhi ya walionayo huchagua kuondolewa tumbo lote kabla ya kuugua.

Hata hivyo, wagonjwa wengi hawakurithi saratani hiyo. Chanzo kikubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye hutibika kwa dawa.

Kwa Waafrika Mashariki waishio Minnesota, swali la kwanza la daktari huwa ni nani katika ukoo aliugua, na akiwa na umri gani. Jibu mara nyingi limebaki nyumbani, kwa shangazi au babu anayekumbuka kifo kilichosemwa tu kuwa ni cha vidonda vya tumbo. Kumuuliza mzee huyo angali hai kwaweza kuokoa maisha ya mjukuu.