Aniceti Kitereza: Mkerewe aliyehifadhi jiko la kale kwa kalamu

MTU anayetaka kujua namna Wakerewe wa zamani walivyopika, walivyokula na walivyompokea mgeni, kabla ya sufuria za dukani na kabla sangara hajaingia katika Ziwa Victoria, atapata mengi katika kitabu cha mzee mmoja wa Ukerewe ambaye hakuishi kukiona kikiuzwa.

Mzee huyo ni marehemu Aniceti Kitereza, mtunzi wa riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Aliimaliza mwaka 1945 kwa lugha ya Kikerewe. Ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwandishi akafariki dunia Aprili 1981, kabla nakala hazijamfikia.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, ambacho leo ni sehemu ya Mkoa wa Mwanza. Alitoka katika ukoo wa Wasilanga, ukoo wa Abakama waliotawala kisiwa hicho. Baba yake alifariki dunia yeye akiwa bado mtoto mdogo, hivyo akalelewa katika boma la Omukama Mukaka, aliyekuwa ndugu yake.

Utoto huo ulimpa mambo mawili. Kwanza, aliishi mahali ambapo wazee wa desturi, waganga, wavuvi na wageni kutoka ng'ambo ya ziwa walikutana kila siku, na ambapo chakula cha watu wengi kiliandaliwa kwa taratibu maalumu. Pili, aliyaona mambo hayo katika miaka ileile yalipoanza kubadilika, kwa kuwa utawala wa Wajerumani ulikuwa umekwisha kujikita kisiwani.

Mwaka 1905 Omukama Mukaka alimpeleka kusoma katika misheni ya Kikatoliki ya Kagunguli, iliyokuwa chini ya Mapadri Weupe. Miaka minne baadaye, yaani mwaka 1909, kijana huyo alivuka ziwa kwenda seminari ya Rubya, upande wa Bukoba. Alikaa huko miaka kumi. Alisoma Kilatini, Kijerumani na masomo mengine ya seminari, lakini hakuendelea hadi upadri.

Mwaka 1919 alirejea nyumbani, na akamwoa Anna Katura. Ndoa hiyo ilidumu kwa miaka mingi, lakini watoto waliozaliwa walifariki wakiwa wadogo. Katika jamii ambayo mume asiye na mtoto alishauriwa mapema kutafuta mke wa pili, Kitereza alibaki na mkewe.

Kwa muda alifanya kazi mjini Mwanza kwa mfanyabiashara mmoja Mwitaliano. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipozuka, Kitereza alirudi Ukerewe na kufanya kazi za misheni Kagunguli. Hapo ndipo shughuli yake ya kukusanya hadithi, methali na desturi za Wakerewe iliposhika kasi, akitiwa moyo na Padri Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada.

Kitereza aliona kwamba orodha ya desturi isingetosha. Mtu akiorodhesha vyakula vya kabila, msomaji hupata majina tu. Akisimulia nyumba moja, msomaji huona nani aliyelima, nani aliyesaga, nani aliyepika, nani aliyeketi na nani, na nini kilitokea chakula kilipokosekana. Ndiyo maana aliamua kuandika riwaya.

Hadithi yenyewe ni ya mume na mke wanaopendana lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga Bibi Bugonoka kwa utasa, na wazazi wake wanapoyasikia hayo wanamchukua binti yao. Bwana Myombekere anabaki na adha ya nyumba isiyo na mke. Hataki mwanamke mwingine. Anakwenda ukweni kuomba arudishiwe mkewe, na wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi.

Faini hiyo ni moja ya nguzo za kitabu. Pombe ya ndizi haipatikani kwa siku moja wala kwa mikono ya mtu mmoja. Ndizi hukatwa zikiwa zimekomaa, zikavundikwa mpaka ziive, zikamenywa na kukamuliwa kwa majani. Maji yake huchujwa, hutiwa unga wa nafaka iliyokaangwa, na kufunikwa mpaka yachachuke. Hatua moja ikiharibika, kazi yote imepotea. Kwa hiyo mume anayedaiwa pombe analazimika kutafuta ndugu, marafiki na majirani wa kumsaidia, na hapo ndipo inapojulikana kama ana watu au hana.

Kitereza anaieleza kazi hiyo kwa utulivu wa mtu aliyeitazama mara nyingi. Vivyo hivyo anaeleza kilimo, ufugaji, uvuvi, uganga na mapokezi ya wageni. Chakula katika kitabu chake si pambo la hadithi. Kwa chakula watu hupatana, huomba radhi, hupimana heshima na kuonyeshana dharau. Mwishoni wanandoa hao wanapata dawa kwa mganga, na wanajaliwa mtoto wa kiume, Ntulanalwo, kisha wa kike, Bulihwali.

Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1945 Tanganyika haikuwa na televisheni. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza mwaka 1994. Leo mtazamaji wa kipindi cha mapishi huonyeshwa mikono ya mpishi, kiasi cha unga na rangi ya mchuzi. Kitereza aliifanya kazi hiyo kwa maneno, kwa lugha ya watu wachache, karibu nusu karne kabla ya vituo hivyo.

Lugha hiyo ndiyo iliyokwamisha kitabu. Kikerewe kilikuwa na wasomaji wachache, na hakupatikana mchapishaji aliyekubali kubeba gharama za riwaya ndefu namna hiyo. Padri Simard alianza kuitafsiri kwa Kifaransa, lakini alifariki dunia kabla ya kumaliza. Mswada ukabaki bila kuchapishwa, na miaka ikapita. Tanganyika ikapata Uhuru mwaka 1961, ikaungana na Zanzibar mwaka 1964, na mswada ukabaki vilevile.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe Wamarekani wawili, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte. Gerald alikuwa mwanahistoria aliyechunguza biashara ya masafa marefu ya Wakerewe katika karne ya 19, na Kitereza alikuwa miongoni mwa wazee walioifahamu historia hiyo kwa undani. Wageni hao walipoielewa thamani ya mswada, walianza kumtafutia mchapishaji.

Ilionekana kwamba njia iliyobaki ni Kiswahili. Kitereza, akiwa na zaidi ya miaka 70 na akisumbuliwa na ugonjwa wa viungo, alikaa chini na kukitafsiri kitabu chote yeye mwenyewe mwaka 1969. Hata hivyo, ilipita takriban miaka kumi mingine kabla ya Tanzania Publishing House kukitoa katika majuzuu mawili, yaliyopigwa chapa nchini China.

Mzee huyo alifariki dunia akiwa na umri wa takriban miaka 85. Tangu alipoandika sentensi ya mwisho kwa Kikerewe hadi kitabu kilipotoka, ilikuwa imepita miaka 35.

Baada ya kifo chake kitabu kilisafiri mbali. Wilhelm Möhlig alikitafsiri kwa Kijerumani, na juzuu ya kwanza ikatoka mwaka 1991. Simon Baguma Mweze alikiweka katika Kifaransa. Mwaka 2002 ilitoka tafsiri kamili ya Kiingereza, iliyofanywa na Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenye asili ya Ukerewe, kutoka moja kwa moja katika mswada wa Kikerewe.

Wakati huohuo, jiko la pwani ya ziwa lilibadilika sana. Sangara aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 alienea mno katika miaka ya 1980, akawamaliza furu wa aina nyingi waliokuwa kitoweo cha kila siku. Muhogo ulichukua nafasi kubwa ya ulezi na mtama katika ugali wa Ukerewe. Kwa upande wa Usukuma, michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa kwa ajili ya kiangazi, bado vinafahamika, lakini katika nyumba nyingi za mjini vimeachia nafasi wali na chapati.

Mabadiliko si dhambi; hata muhogo wenyewe ulikuja kutoka ng'ambo. Kinachopotea ni maarifa ya hatua kwa hatua: ndizi ivundikwe siku ngapi, nafaka ikaangwe mpaka rangi gani, mgeni wa ukweni aandaliwe nini kwanza. Bibi anayeyajua hayo akiondoka bila kuulizwa, hayapatikani tena sokoni wala dukani.

Kitereza hakuacha mtoto wa kumrithisha simulizi za boma la Omukama. Aliziacha katika karatasi, akazitafsiri kwa mikono iliyokuwa ikimuuma ili Mtanzania asiyejua Kikerewe naye azisome. Kijana wa Nansio, wa Kirumba au wa Sengerema anayetaka kujua babu zake walikula nini, na kwa nini walikula pamoja, anaweza kuanzia hapo, kisha aende kumuuliza bibi yake yaliyobaki.