Mwenda wa Bayeke, gitaa la Bunkeya lililobaki kwenye santuri

Wakusanyaji wa santuri za zamani huko Ulaya na Marekani wanazithamini sana sahani nyeusi zenye lebo ya Gallotone, kampuni ya Afrika Kusini. Jina mojawapo wanalolitafuta kwenye lebo hizo ni la mtoto wa nyumbani: Mwenda Jean Bosco, ambaye wengi wanamjua kama Mwenda wa Bayeke.

Alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, ambayo tangu mgawanyo wa majimbo wa 2015 iko Lualaba, pamoja na Kolwezi na Mutshatsha. Hapo ndipo yalipokuwa makao ya Msiri, mtawala aliyeuawa 1891, ambaye watu wake, Bayeke, asili yao ni magharibi ya Tanzania ya leo.

Kijana Mwenda alihamia Jadotville, sasa Likasi, mji wa shaba. Mwaka 1952 alifika hapo Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi. Alimkuta Mwenda akipiga gitaa mtaani, akamrekodi. Mwenda alikuwa na miaka 22. Wimbo mmoja, Masanga, ulishinda tuzo ya Osborn mwaka huohuo, na Gallotone ikautoa kwenye santuri.

Wapiga gitaa bado wanaushangaa. Mwenda alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada. Gumba lilishika besi, kidole cha pili kikapiga wimbo juu yake, hata msikilizaji akadhani wako watu wawili. Mtaalamu David Rycroft aliandika uchambuzi mrefu wa mtindo huo mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda aliishi Nairobi kwa muda, akasikika redioni, na vijana wa Kenya wakaiga vidole vyake. Binamu yake, Edouard Masengo, naye alipata jina huko. Mwaka 1969 Mwenda alialikwa Marekani kwenye tamasha la Newport. Hata hivyo aliendelea kuwa mtu wa Katanga, na miaka kumi baadaye Mwingereza John Low alipotaka kujifunza nyimbo zile, ilimbidi amfuate hukuhuku.

Turudi kwenye sahani zenyewe, maana hapo ndipo penye tatizo. Santuri za mwanzo za Mwenda zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba kama dakika tatu. Zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Vinili, iliyokuja baadaye, hupinda. Shelaki ikianguka inavunjika kama sahani ya chakula. Sindano ya chuma ya gramafoni nayo ilikula mifereji kila wimbo ulipopigwa.

Mnunuzi makini huishika kingoni, akaiinamisha chini ya taa. Mifereji inayong'aa ni dalili njema. Ikiwa ya kijivu, sauti imeliwa. Ufa mwembamba kama unywele husikika kama mgongo mdogo kila mzunguko, yaani mara 78 kwa dakika. Kisha hupewa daraja: M kwa isiyoguswa, VG kwa iliyochakaa kidogo, G, na mwisho P. Herufi G inadanganya kidogo. Maana yake ni nzuri, lakini sahani ya G kwa kawaida imechoka sana.

Kwa kipimo hicho, santuri iliyopigwa katika kambi ya wachimba madini kila Jumamosi usiku ina thamani ndogo kuliko ile iliyolala kwenye bahasha yake bila kusikilizwa. Ni hesabu ya soko, na mnunuzi wa mbali ana haki yake. Lakini ile ya kijivu ndiyo iliyofanya kazi ambayo Mwenda aliikusudia.

Mwaka 1988 alirekodi tena nyimbo zake Cape Town, safari hii kwenye studio ya kisasa. Septemba 1990 alifariki katika ajali ya gari karibu na Lubumbashi, akiwa na miaka 60. Rekodi za Cape Town zilitolewa Marekani na kampuni ya Rounder baada ya kifo chake, kwenye CD. Za 1952 zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey, Afrika Kusini.