Walter Rodney: Hoja Hujibiwa, Haifungiwi

Wengi wetu tunamjua Walter Rodney kwa kitabu kimoja tu, kile kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Tunakisoma kwa ajili ya mtihani wa DS, tunakariri hoja mbili tatu, basi. Maisha yake hatuulizwi. Nayaandika hapa kwa sababu yanahusu swali linalotukuta kila msimu wa uchaguzi: mwanafunzi aruhusiwe kusema nini, na mbele ya nani?

Alizaliwa Georgetown, Guyana, tarehe 23 Machi 1942. Baba alikuwa fundi cherehani, mama naye mshonaji. Kwa akili zake akapata ufadhili wa kusoma sekondari ya Queen's College, kisha akaenda Chuo Kikuu cha West Indies huko Mona, Jamaika, alikohitimu mwaka 1963 kwa daraja la kwanza katika historia. Mwaka 1966, akiwa na miaka 24, akamaliza udaktari wake London. Mwaka huohuo akaja kufundisha Dar es Salaam.

Januari 1968 alirudi Mona, safari hii kama mhadhiri. Hakuridhika kuishia darasani. Alitoka nje ya geti, akakaa na Marasta na vijana wasio na kazi kwenye vitongoji vya Kingston, akawafundisha historia ya Afrika bila malipo. Serikali ya Waziri Mkuu Hugh Shearer haikupenda. Oktoba mwaka huo alikwenda Montreal kwenye kongamano la waandishi weusi. Ndege iliyomrudisha ilipotua Kingston tarehe 15, akazuiwa kushuka. Hakushtakiwa mahakamani, na hakuna aliyemwita kwenye mdahalo.

Kesho yake wanafunzi wa Mona waliandamana kumtetea, wakapigwa mabomu ya machozi. Wakazi maskini wa jiji wakaingia barabarani, mali ikaharibiwa na watu wakapoteza maisha. Serikali ilikuwa imeogopa mihadhara. Ilichokipata ni ghasia.

Mwaka 1969 Rodney akarudi Dar es Salaam, na hapa ndipo maisha yake yanapotuhusu zaidi sisi. Mlimani palikuwa na umoja wa wanafunzi wa mrengo wa kushoto, USARF, ambao mwenyekiti wake wa mwanzo alikuwa Yoweri Museveni. Jumapili asubuhi, wakati wengine wamelala, wao waliendesha madarasa ya itikadi, na Rodney alikuwa mlezi wao wa karibu. Novemba 1969 wakaanzisha jarida lao, Cheche. Wahariri walikuwa wanafunzi kama sisi: Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Makala ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya nchini ilitoka humohumo.

Sasa angalia mambo mawili yaliyotokea ndani ya mwaka mmoja.

La kwanza ni la Desemba 1969. Rodney alitoa mada kwenye semina ya vijana jijini, akazishambulia serikali za Afrika zilizopata bendera huku zikiwaacha wakubwa walewale wakineemeka. Siku chache baadaye gazeti la TANU, The Nationalist, likamjibu kwa tahariri kali, likimwonya kwamba mgeni aliyekaribishwa asihubiri kupindua serikali za majirani. Rodney naye akaandika kujieleza. Kibarua chake hakikuota nyasi. Aliendelea kufundisha hadi 1974. Tahariri ile ilikuwa na ukali, tena ukali wa wenye dola, lakini ilikuwa jibu. Msomaji aliweza kuzisoma pande zote mbili akaamua mwenyewe.

La pili ni la Novemba 1970. USARF na Cheche vilipigwa marufuku. Sababu iliyotolewa ni kwamba nchi ina itikadi yake, haihitaji ya kuazima, na kwamba jina la jarida lilitokana na gazeti la wanamapinduzi wa Urusi. Jamani, cheche! Neno ambalo kila mama anayewasha jiko la mkaa analijua. Safari hii hapakuwa na hoja ya kusoma wala upande wa pili. Wanafunzi wakahamia tawi la Umoja wa Vijana wa TANU, wakaanzisha jarida jingine, MajiMaji, na maswali yakaendelea yaleyale.

Mwaka 1974 Rodney alirudi kwao baada ya kupewa uprofesa katika Chuo Kikuu cha Guyana. Kabla hajaanza kazi, chini ya utawala wa Forbes Burnham, uteuzi ukafutwa. Akabaki, akaishi kwa mihadhara ya nje, akajenga chama cha Working People's Alliance kilichowakutanisha Waguyana wenye asili ya Afrika na wenye asili ya India. Mwaka 1979 akakamatwa kwa tuhuma za kuchoma ofisi za serikali. Tarehe 13 Juni 1980, kesi ikiwa bado haijaisha, bomu lililofichwa kwenye redio ya mawasiliano likamlipukia ndani ya gari. Alikuwa na miaka 38. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti mwaka 2016 ilihitimisha kuwa dola ilihusika.

Sisemi kwamba tangazo la marufuku ubaoni ni sawa na bomu. Ninachosema ni kwamba kuna njia mbili za kukabiliana na mtu anayesema usichokipenda, na Rodney alizionja zote. Mgombea urais anapotembelea chuo halafu wanafunzi wakaambiwa fulana za chama fulani mwiko, maswali yaandikwe na kukaguliwa kwanza, mijadala ya kwenye vimbweta isimame mpaka msafara uondoke, hiyo ni njia ya Novemba 1970. Atakayeuliza anaogopa kudisko, kwa hiyo tunapiga makofi, tunachukua soda, tunarudi hosteli na maswali yetu.

Mimi nasomea ualimu. Darasani tunafundishwa kwamba mwanafunzi asiyeuliza hajaelewa, au anaogopa. Mgombea anayetaka kura zetu angekuja kwa njia ya Desemba 1969: atusikilize, akasirike akitaka, halafu atujibu.