Elizabeth Blackwell: mwanamke aliyechora mimea 500 ya dawa

Mtoto akitafuna jani usilolijua, au mgonjwa wako akinywa mzizi aliopewa na jirani, daktari atakuuliza: ni mmea gani? Nenda na tawi lake hospitali. Maneno peke yake hayatoshi, kwa kuwa mimea mingi hufanana.

Waganga na wauza dawa wa London walikuwa na shida hiyohiyo karibu miaka 300 iliyopita. Aliyewasaidia ni Elizabeth Blackwell. Usimchanganye na mwenye jina kama lake aliyehitimu udaktari Marekani mwaka 1849. Huyu wetu alitangulia kwa zaidi ya miaka 100.

Mumewe, Alexander, alifungua kiwanda cha uchapaji bila kupitia mafunzo yaliyotakiwa. Akatozwa faini, biashara ikafa, akafungwa gereza la wadaiwa. Elizabeth alijua kuchora. Aliposikia kwamba matabibu wanahitaji kitabu kipya cha mimea ya dawa, alipanga nyumba karibu na bustani ya Chelsea, iliyoanzishwa mwaka 1673 na chama cha wauza dawa, akawa anachora mimea mibichi iliyo mbele ya macho yake. Michoro aliipeleka gerezani, mumewe akaandika majina ya kila mmea kwa lugha mbalimbali.

Kazi ya namna hiyo kwa kawaida iligawanywa kwa watu watatu: mchoraji, mchongaji wa mabamba ya shaba na mtia rangi. Yeye alifanya yote matatu. Kuanzia 1737 hadi 1739 alitoa michoro minne kila wiki, kwa wiki 125. Humo utakuta hata tango na nyanya, pamoja na maua, matunda na mbegu, ili mtu asikosee. Chuo cha matabibu cha London kilikipa kitabu kibali chake.

Ila mzazi, tafadhali, usimtibu mwanao kwa maelezo ya wakati ule. Mengi yalinakiliwa, kwa ruhusa, kutoka kitabu cha Joseph Miller, na tiba imebadilika mno.

Fedha za kitabu zilimtoa Alexander gerezani. Hakutulia. Alikwenda Sweden, akaingizwa katika kesi ya njama za urithi wa kiti cha ufalme, akauawa mwaka 1747. Elizabeth alifariki mwaka 1758 na kuzikwa Chelsea, ambako bustani ile ya dawa ipo hadi leo.